Tunaanzisha Ukumbi wa Heshima wa wanamichezo wa chuo: kuchagua, vibao vya shaba, na siku ya sherehe

Katibu_Kasapa:

Jambo kwenu wote, wakubwa na wadogo. Komite ya michezo ya chuo kikuu chetu hapa Lubumbashi imepewa ruhusa ya kuanzisha Ukumbi wa Heshima. Kila mwaka tutaingiza wanamichezo wa zamani, makocha, ikiwezekana na timu nzima. Ukuta upo: korido ya jengo la utawala, urefu mita 6, madirisha yako upande wa pili. Sherehe ya kwanza tunaitaka kiangazi, siku ya fainali ya mpira kati ya fakilte (vitivo).

Shida ni hizi. Mapendekezo yamepita arobaini na kila fakilte inasukuma watu wake. Kuna waliosoma mwaka mmoja tu, wakaenda Mazembe au Lupopo, klabu kubwa za mpira za mji wetu, wakapata jina. Wengi wa miaka ya 60 na 70 hawana karatasi hata moja, ni sifa za mdomoni tu. Vibao tunataka vya shaba, maana mji wenyewe ni wa shaba, lakini hatujui unene wala maandishi yaweje. Halafu wakubwa wanataka hotuba zao wakati wa mapumziko ya mechi. Mwenye ujuzi atusaidie, tafadhali.

Mzee_wa_Ruashi:

Ndugu Katibu, msianze na majina. Andikeni kanuni kwanza, kurasa mbili zinatosha, Rekta (mkuu wa chuo) atie sahihi, ndipo mfungue orodha. Kanuni ikiandikwa majina yakiwa tayari mezani, kila kifungu kitasomwa kwamba kimewekwa kumfungia fulani au kumpitisha fulani, na mara nyingi itakuwa kweli. Hayo arobaini na zaidi yarudisheni kwa wenyewe, wayalete upya kwa fomu.

Kifungu cha kwanza kijibu swali la Mazembe na Lupopo. Ukumbi wa chuo unapima kazi ambayo mtu aliifanya akivaa jezi ya chuo. Dikembe Mutombo aliingizwa mwaka 2015 katika ukumbi wa Naismith pale Springfield, Massachusetts. Ule ni ukumbi wa mpira wa kikapu wote: wanapima maisha mazima ya mchezaji, NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani) na kila kitu. Chuo chake cha Georgetown ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Ninyi mkichukua kipimo cha namna ile, ukuta utajaa watu ambao chuo kiliwaona darasani kwa miezi michache. Andikeni hivi: awe aliandikishwa miaka ya masomo isiyopungua miwili, na aliwakilisha chuo au fakilte katika misimu isiyopungua miwili. Mambo ya klabu yanaweza kutajwa kwenye wasifu, ila hayaongezi kura. Mazembe ina uwanja wake Kamalondo na vikombe vyake vitano vya mabingwa wa Afrika, haina haja ya korido yenu.

Cha pili, muda wa kungoja. Miaka mitano tangu mtu atoke chuoni. Muda mfupi kuliko huo, wapiga kura bado ni marafiki zake au wapinzani wake wa uchaguzi wa wanafunzi.

Cha tatu, mafungu. Mwanamichezo, kocha au mhudumu (daktari wa timu, mtunza vifaa), timu, na mfadhili. Hilo la nne ndilo mlango wa matatizo. Funguo zake ziwe tatu: mfadhili mmoja tu kila baada ya miaka miwili, asiwe na cheo cha siasa wakati huo, na aliyetoa makuta (pesa) ya sherehe ya mwaka huu asiwe kwenye orodha ya mwaka huu. Bila hivyo, mwaka wa tatu ukuta utakuwa wa wanaolipa bufe.

Kura sasa. Wajumbe tisa, kura ya siri, hakuna kupiga kura kwa niaba ya mjumbe aliye safarini. Kuingia ni robo tatu, maana yake kura 7 kati ya 9. Mjumbe mwenye ndugu kwenye orodha anatoka chumbani jina hilo likijadiliwa, na hesabu inafanywa kwa waliobaki: kati ya 8 zinatakiwa 6. Kila mjumbe asiandike zaidi ya majina sita. Na hao tisa wasiwe wote wa Mazembe wala wote wa Lupopo, mnanielewa.

Robo tatu si ukali wa bure. Ukumbi wa besiboli wa Marekani, ule wa Cooperstown, unatumia asilimia 75, na kundi lake la kwanza mwaka 1936 lilikuwa la watu watano tu. Cy Young, ambaye tuzo ya watupaji bora wa mchezo huo inabeba jina lake mpaka leo, hakupita mwaka ule, aliingia 1937. Kwa hiyo fakilte ikija juu kwamba mtu wao ameachwa kundi la kwanza, jibu mnalo. Na kundi lenu la kwanza lisizidi sita. Mkianza na ishirini kwa kuogopa lawama, mwaka wa pili mtabaki na majina ya daraja la chini, na watu wataona wazi kwamba heshima imeshuka bei.

Mwana_Kenya:

Mzee, hapo kwa mwaka mmoja sikubali. Mchezaji anaweza kukaa mwaka mmoja na mwaka ule ule akaipa timu ya chuo kikombe, magoli yote ya kwake. Mwingine akae miaka mitano akiwa mbadala. Unamwacha yule unamchukua huyu?

Mzee_wa_Ruashi:

Huyu wa pili hapati kura 7, usihofu. Misimu miwili ni mlango wa kuingia kwenye mjadala tu. Na yule wa kwanza anaingia kwa fungu la timu: kikosi cha mwaka ule kinaheshimiwa kama kingizo kimoja, kibao kimoja, majina yote, wachezaji wa akiba na kocha wakiwemo. Jina lake litakuwa ukutani. Litakuwa pamoja na waliompa pasi.

Dada_wa_Maktaba:

Katibu, kuhusu karatasi za zamani. Sheria iwe moja: hakuna jina linalofika kwa wapiga kura bila vitu vitatu. Ushahidi wa kuandikishwa, ushahidi wa kucheza, na picha au maelezo ya watu wawili wasio wa familia moja. Sifa za mdomoni zinatumika kujua pa kutafuta, haziwi ushahidi zikiwa peke yake.

Uandikishaji unatafutwa aparitora (ofisi ya kuandikisha wanafunzi), kwenye madaftari na palmaresi (orodha za matokeo) za kila mwaka. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni majina. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku na watu wakachukua majina ya kienyeji. Mwanafunzi aliyeandikwa Joseph mwaka 1969 anaweza kuonekana mwaka 1973 na jina ambalo halifanani hata kidogo. Mkitafuta kwa jina moja mtasema hakumaliza masomo. Mkikuta yote mawili mtadhani ni watu wawili. Tazameni mfungaji wa bao la fainali ya Kombe la Afrika la 1968 pale Addis Ababa, Congo ilipoishinda Ghana 1-0: huku anaandikwa Pierre Kalala, kule Kalala Mukendi, na ni yeye yule. Linganisheni tarehe na mahali pa kuzaliwa na namba ya uandikishaji. Jina lije mwisho. Kwenye kibao, mwenyewe au familia ndio waamue jina litakaloandikwa, tena kwa maandishi.

Ya pili ni chuo chenyewe kubadilika. Kama ni UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), kumbukeni kilianza 1956, enzi mji ukiitwa Elisabethville, kikawa sehemu ya UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, jina la Congo wakati ule) mwaka 1971 pamoja na Lovanium ya Kinshasa na chuo cha Kisangani, kikajitegemea tena 1981. Wakati wa UNAZA fakilte zilihamishwa. Lettres (lugha na fasihi), kwa mfano, ilikusanywa Lubumbashi. Hivyo kuna watu walioanza Kinshasa wakamalizia huku, na kinyume chake. Amueni mapema: je, miaka ya UNAZA inahesabika kwa kampasi aliyochezea au kwa ile iliyompa diploma? Ushauri wangu ni kampasi aliyochezea. Mchezo ulichezwa hapo, na mashahidi wako hapo. Mwandike hilo ndani ya kanuni za Mzee.

Ushahidi wa kucheza: karatasi za mechi zikikosekana, nendeni kwenye magazeti. Mwana Shaba, gazeti la kampuni ya migodi Union Minière na baadaye Gécamines iliyoirithi, lilianza 1957 na lilifuata sana michezo ya Katanga. Mkisoma ya miaka ya UNAZA, msishangae kukuta timu ya "Shaba" badala ya Katanga. Ndilo lililokuwa jina la jimbo mpaka 1997. Andikeni gazeti, tarehe na ukurasa kwenye faili la mtu. Kipande kilichokatwa bila tarehe hakina thamani, hata kama picha yake ni nzuri.

Picha za familia msizichukue ziondoke. Zipigeni skana hapo hapo kwa dpi 600 (nukta kwa inchi): hiyo inawaruhusu kuikuza mara mbili na kuichapa kwa dpi 300 bila kuharibika, kwa hiyo ya sentimita 10 kwa 15 inafika 20 kwa 30. Skana ikikosekana, simu inafaa, bila kuwasha flashi yake, kivulini, kamera ikitazama picha moja kwa moja kutoka juu. Nyuma ya picha nako mpige, mara nyingi majina yameandikwa huko.

Jambo moja zaidi. Tangazo la mapendekezo likipita kwenye vijiwe vya mpira wa miguu peke yake, litaleta wanaume wa mpira wa miguu peke yao. Wanawake wa kikapu, handiboli na voleboli hawataletwa na mtu, na karatasi zao ndizo chache zaidi. Mmoja kati ya tisa apewe kazi hiyo kwa jina, miezi sita kabla ya kura.

Fundi_Shaba_Katuba:

Katibu, nije kwenye vibao. Chukueni bati la shaba la milimita 0.6 hadi 0.8. Chini ya hapo linabonyea kwa kidole, juu ya hapo kulipiga nyundo ni mateso. Kibao cha sentimita 20 kwa 30 kikatwe 22 kwa 32, ile sentimita moja kila upande ikunjwe juu ya ubao mkavu. Bila kukunja, kingo zinajiinua na zinakata mikono.

Kabla ya kupiga, shaba ilainishwe: ipashwe moto mpaka iwe nyekundu hafifu, itumbukizwe majini. Si kama chuma, maji hayaifanyi ngumu. Kinachoifanya ngumu ni nyundo. Fundi akisikia sauti imebadilika na bati linarudisha nyundo, arudie moto. Akilazimisha, litapasuka kwenye kona za herufi.

Herufi ndizo zinazoharibu kazi. Ukipiga kutoka nyuma ili ziinuke mbele, lazima zichorwe kinyumenyume, kama kwenye kioo. Njia salama ni kupiga kutoka mbele na kushusha uwanja unaozunguka herufi. Hapo unaandika kama unavyosoma. Na msiagize kila kitu kwa nyundo. Herufi chini ya milimita 12 haisomeki vizuri ikipigwa. Jina na mchezo vipigwe. Maelezo mengine yachongwe kwa mashine kwenye kipande kidogo kinachopachikwa chini, herufi za milimita 7. Kwa upana huo mnapata kama mistari sita, maneno ishirini na tano hivi. Zaidi ya hapo inakuwa gazeti.

Sura ya mtu msiiombe kwa shaba, isipokuwa awe fundi mnayemjua kwa kazi ya sura. Tisa kati ya kumi hazifanani, na familia ndiyo ya kwanza kusema. Wekeni picha ya karatasi kwenye fremu ya kioo, nakala na si ya asili, kwa sababu jua la madirisha yale litaifubaza.

Kusafisha kabla ya kupaka: ndimu na chumvi, suuza, pitisha maji yenye bikabonati ili asidi iishe, suuza tena, kausha kabisa. Vanishi isiyo na rangi ipakwe siku ile ile, tabaka mbili nyembamba, ukivaa glavu. Kidole kikigusa kabla ya vanishi, baada ya miezi alama yake inatokea nyeusi chini ya vanishi, na hapo dawa ni kubandua yote. Baadaye kitambaa laini kikavu tu. Waambieni wasafishaji wa jengo kwa maandishi: hakuna ndimu, hakuna dawa ya kung'arisha. Vinakula vanishi mahali, na mahali pale panakuwa kijani mvua zikianza.

Skrubu ziwe za shaba njano (brasi). Ya chuma ikikaa na shaba kwenye unyevu inaoza yenyewe, halafu inachuruza kutu juu ya jina la mtu.

Ukuta wenu: kibao sentimita 20 na nafasi 5, mita 6 zinabeba 24 kwa mstari. Mistari mitatu ni 72. Kwa sita kila mwaka, miaka 12. Katikati ya mstari wa kati iwe mita 1.50 kutoka sakafuni. Chorweni gridi yote kwa penseli siku ya kwanza, hata kama mnaweka sita tu, na muanzie kushoto kwa mwaka wa kuingizwa. Mkianza katikati "ili papendeze", mwaka wa nne mtahamisha vyote.

Katibu_Kasapa:

Asanti sana wazee, asanti Dada. Hilo la herufi za kinyume lingetukuta. Bado siku yenyewe. Na kuna wawili au watatu ambao tayari ni marehemu. Familia zao ni kubwa.

Mama_Protokole:

Mwanangu, gawa siku mara mbili. Asubuhi saa nne, ndani, ndipo hotuba zote, kufunua vibao na maneno ya wanaoheshimiwa, dakika tatu kila mmoja. Kabla ya saa nne usiite wazee: Juni na Julai baridi yetu ya asubuhi unaijua. Mchana uwanjani ni kuwaonyesha kwa watu tu.

Mapumziko ya dakika 15 si dakika 15. Wachezaji wanachukua mbili kutoka, na refa anataka uwanja mtupu dakika tatu kabla ya kuanza. Unabaki na kumi. Watu sita kwa sekunde 80 ni dakika 8: sekunde 40 za wasifu, na sekunde 40 za kutembea, kuvishwa medali na picha. Hotuba haina nafasi hapo hata ya Rekta. Mpe kazi ya kuvisha medali. Anaonekana zaidi, na kipaza sauti kinabaki kwa msomaji. Wazee wakae kwenye viti kando ya mstari tangu dakika ya 40, wasishuke ngazi filimbi ikishalia. Msomaji awe amempigia kila mmoja simu kuuliza jina lake linatamkwaje. Kibao cha shaba kisipelekwe uwanjani, kinabaki ukutani. Wanapewa medali na diploma.

Umeme: vipaza sauti kilowati 1, projekta wati 300, taa na kompyuta 300 nyingine, jumla 1.6. Jenereta ya kVA 3 inatoa kama kilowati 2.4, inatosha. Ila iwe mita 20 mbali, waya wa milimita mraba 2.5, na projekta iwe na UPS yake (betri ya akiba), maana SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, taa ya projekta ikizimika ghafla inachukua dakika kadhaa kuwaka tena na wakati mwingine haiwaki.

Kuhusu marehemu: mpokeaji ni mmoja. Familia imteue kwa barua yenye sahihi za mjane (mke au mume aliyebaki), mtoto mkubwa na mwakilishi wa upande wa baba, na barua ifike wiki tatu kabla. Ikikosekana kwa sababu hawajapatana, kibao kinawekwa kama kawaida, jina linasomwa, medali inabaki kwa Katibu mpaka wapatane. Usimwite yeyote mbele kwa kubahatisha. Diploma chapisha nakala tatu zilizopigwa muhuri, kila tawi lipate yake. Ugomvi mwingi unaishia hapo. Pesa ya usafiri iwe sawa kwa wote wanaotoka nje ya mji, itajwe kwenye barua ya mwaliko, na ilipwe ofisini asubuhi kwa kutia sahihi. Bahasha uwanjani, hapana.

Mwana_Kenya:

Mama, na aliye ng'ambo asiyeweza kuja?

Mama_Protokole:

Atume video ya dakika mbili, ifike siku kumi kabla ili ipimwe sauti, ichezwe asubuhi ndani. Uwanjani jina lake lisomwe, asisimame mtu badala yake. Na kanuni iseme kama anahesabiwa ameingia mwaka huu au anangoja mpaka afike mwenyewe. Mimi ningemhesabu mwaka huu. Mzee wa Ruashi najua atapinga.